Namna ya Kujenga Taaluma ya Historia ya Fasihi na Uchawi

Anayetaka kuwa mtafiti wa uchawi katika Uingereza ya karne ya 16 na 17 aanze na shahada ya fasihi, kisha ajifunze Kilatini na kusoma miandiko ya mkono ya zama hizo, kwa kuwa hati za mashtaka ziliandikwa kwa Kilatini hadi 1733.

Kwa utafiti wa uzamivu, achague kesi moja yenye ushahidi wa namna mbalimbali. Kesi ya Elizabeth Sawyer, mwanamke aliyenyongwa kwa kosa la uchawi mwaka 1621, inafaa sana: kasisi Henry Goodcole, aliyemhoji katika gereza la Newgate jijini London, alichapisha kijitabu mwaka huohuo, na waandishi wa maigizo Dekker, Ford na Rowley wakaitungia tamthilia kabla mwaka haujaisha. Maandishi hayo yasomwe sambamba, kwa kuuliza kila mara ni nani anayesema, maana maneno ya mwanamke huyo yametufikia kupitia kalamu ya mtu aliyekwisha kumhesabu kuwa mkosaji. Kwa maoni yangu, uzito wote wa kazi hii uko hapo.

Baadaye achapishe makala katika majarida ya kitaaluma, na aombe kazi katika idara za fasihi na za historia pia.