Tairi lipande lenyewe: mnyororo wa vipuri kwenye sakafu ya gereji

Tangazo la Honda Accord la 2003, lililorushwa Uingereza, ni la dakika mbili: kipuri kinasukuma kipuri, hakuna mkono wa mtu. Kinachonasa macho zaidi ni matairi yanayopanda mteremko. Ujanja huo unawezekana hata kwenye gereji ya Mtwara.

Chukua tairi tupu la inchi 13, lisilo na rimu. Funga nati chakavu, kilo moja na nusu, kwa mpira wa tyubu, uzikaze ndani ya tairi mahali pamoja. Ubao wa mita moja unyanyue sentimita 5 upande mmoja. Simamisha tairi uzito ukiwa juu, umeinamia kidogo upande wa kupanda, na chini yake kabari nyembamba ya kulizuia. Kipuri kilichotangulia kikiigonga kabari, uzito unashuka na tairi linapanda, kama nusu mzunguko tu. Likirudi nyuma, uzito haukuvuka kileleni; nati zikicheza, halifiki.

Anza kupanga kutoka mwisho, na kila hatua ijaribiwe peke yake mara kumi. Fagia mchanga, maana beringi hukwamia hapo. Msimu wa upepo wa kusi rekodi video alfajiri, milango imefungwa.