Pasipoti kwa mtu wa Kigoma: anza na karatasi za mzazi

Wengi wanaofika kwenye steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, kutaka pasipoti huja na vitu vitatu: simu, pesa ya kuanzia na haraka. Kuna anayekwenda kusoma, kuna mfanyabiashara anayetaka kuvuka Burundi hadi mbali zaidi, kuna mzee wa Ujiji aliyejiwekea akiba ya Hija miaka mingi. Wote nawauliza swali moja kabla sijawasha kompyuta: "Karatasi ya mzazi wako iko wapi?"

Nauliza hivyo kwa sababu fomu si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuonyesha kwamba wewe ni Mtanzania na kwamba mzazi wako ni Mtanzania. Idara ya Uhamiaji inataka cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba yake ya NIDA, picha ya pasipoti saizi, na cheti cha kuzaliwa cha baba au mama. Mzazi asiye na cheti anaapa kiapo cha kuzaliwa. Wazazi wetu wengi walizaliwa Kasulu, Kalinzi, Buhigwe, au vijiji vya ziwani ambako msajili alikuwa mbali kweli, kwa hiyo kwa watu wa huku kiapo ndiyo njia ya kawaida. Kinaapwa mbele ya wakili au hakimu, kinagongwa muhuri, kinataja majina kamili ya mzazi, mahali alipozaliwa, mwaka, na uraia wake.

Naomba nikae kidogo hapa kwenye kiapo. Kama mama yako yuko hai na ana nguvu, mpeleke akaape mwezi huu, hata kama huna safari. Mzazi akiwa hai anajitambulisha mwenyewe, anataja kijiji chake na baba yake, na karatasi inatoka imenyooka. Akishatangulia mbele ya haki itabidi umtafute ndugu mkubwa anayemjua tangu utoto aape kwa niaba yake, na ndugu wa namna hiyo nao wanapungua. Nimewaona vijana wenye barua ya chuo mkononi wakihangaika kumsaka shangazi aliyehamia Uvinza, ilhali baba alikuwa nao nyumbani mwaka uliotangulia. Inaniuma kila mara. Kiapo kikishatoka, weka nakala halisi mahali pakavu, na wadogo zako wape kopi, maana nao watakihitaji.

Sasa majina. Chukua kalamu, weka karatasi zako zote mezani na usome herufi kwa herufi. Cheti chako kikisema baba ni Hamisi Bakari, halafu kiapo chake kikasema Khamis Bakari Rashidi, kwa ofisa hao wanaweza kuwa watu wawili. Ujiji hili ni la kila siku: Rukia na Rukiya, Zuberi na Zubeir, jina la madrasa na jina la shule. Upande wa vijijini kuna jina la ubatizo na jina la nyumbani; mtu ni Yohana kwenye cheti cha darasa la saba na John kwenye NIDA. Tofauti ndogo huweza kuelezwa kwa kiapo cha majina. Tofauti kubwa inahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, au kurekebisha cheti au NIDA kwenyewe. Mwambie wakili anayeandika kiapo cha mzazi atazame cheti chako kwanza, aandike jina la mzazi kama lilivyo mle, na kama mzazi ana majina mawili, ayataje yote kwenye kiapo hicho hicho.

Tarehe pia. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Zilinganishe na cheti chako papo hapo. Zikipishana, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya ukaanze marekebisho kabla hujalipia chochote cha pasipoti.

Cheti cha kuzaliwa ninachosema ni kile cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Wapo wanaoniletea tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali, wakiamini ndicho cheti. Tangazo si cheti, ila ni mali. Litakusaidia kupata cheti. Kama huna cheti, maombi yanafanyika kwa mtandao wa RITA au kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Mtu mzima anayejisajili kwa kuchelewa atafute kila kitu kinachomtaja tangu utotoni: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

Karatasi zikishakubaliana, ndiyo tunafungua tovuti ya Uhamiaji, immigration.go.tz, sehemu ya huduma za mtandao, maombi ya pasipoti. Unaweza kujaza mwenyewe nyumbani kama una simu nzuri, hakuna anayekulazimisha kuja steshenari. Tumia barua pepe na namba ya simu yako mwenyewe, si ya kijana wa dukani, kwa sababu taarifa za ombi lako zitapita huko. Jaza majina kama yalivyo kwenye cheti, usifupishe jina la kati kuwa herufi moja. Skani vyeti vikiwa vimenyooka, mwanga wa kutosha, pembe zote nne zionekane. Picha iwe na rangi ya bluu nyuma, uso wote wazi. Anayejitanda ajitande, lakini paji la uso na kidevu vionekane. Andika pembeni namba ya ombi lako, ndiyo utakayorudi nayo.

Mfumo utakupa namba ya kumbukumbu ya malipo ya 20,000, hiyo ni ya fomu. Nyingine 130,000 inalipwa baadaye, nayo kwa namba yake. Jumla ni shilingi 150,000, na ndivyo ilivyo tangu pasipoti ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018. Unalipa benki au kwa simu. Mtu akikuambia umkabidhi fedha taslimu "akuharakishie", iwe getini au kijiweni, ondoka. Fedha ya pasipoti haina njia nyingine zaidi ya namba ya malipo, na risiti ibaki kwako. Mimi nalipwa ya kujaza, kuskani na kuprinti tu, na naitaja kabla sijaanza. Muulize hivyo yeyote anayekujazia.

Ukishalipa ile ya fomu, unaiprinti, unasaini, unakwenda nayo ofisi ya Uhamiaji pamoja na nakala halisi na kopi za kila kitu. Wa Kibondo, Kakonko au Kasulu aulize kwanza kwenye ofisi ya wilaya yake kabla hajapanda basi kuja mjini. Nenda asubuhi, umevaa vizuri, na chukua ushahidi wa shughuli yako: barua ya chuo, leseni ya biashara, mwaliko, au karatasi ya taasisi inayokupeleka Hija.

Ofisini utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, na wakulima, vidole vyao vimelika kwa chumvi na jembe, mashine huhangaika kuvisoma. Siku chache kabla, osha mikono vizuri na upake mafuta usiku. Asubuhi ya kwenda nawa mafuta yote yatoke. Bibi harusi asubiri hina na piko vififie kwenye ncha za vidole.

Halafu kuna mahojiano, na hapa ndipo watu wa mkoa wetu wanapoingiwa na hofu. Tumepakana na Burundi na Kongo. Kiha na Kirundi vinasikilizana, majina yetu yanafanana na yao, na mkoa huu umepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi za Nyarugusu na Nduta zilifunguliwa hapa hapa. Kwa hiyo ofisa atakuuliza babu yako alizikwa wapi, ulisoma shule gani ya msingi, mwenyekiti wa kijiji chenu alikuwa nani, mama yako ni wa ukoo upi. Usikasirike, na usitetemeke. Usiku wa kuamkia siku hiyo kaa na wazazi, waulize majina ya babu na bibi wa pande zote mbili na vijiji vyao. Kijana aliyezaliwa Gungu na kukulia Gungu mara nyingi hajui bibi yake alitoka wapi, na akibabaika huonekana anaficha kitu, kumbe hakuwahi kuuliza tu.

Kama mzazi wako alikuja kama mkimbizi akapewa uraia, sema hivyo bila kupindisha. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 162,000, waliokimbia mwaka 1972 na wazao wao, walipewa uraia wa Tanzania, wengi wao wa makazi ya Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na Mishamo. Hati ya uraia ya mzazi ndiyo karatasi yako, ibebe. Kutunga kijiji cha babu ili "mambo yawe mepesi" ni kosa la jinai, na ni kumkana mzazi wako mbele ya ofisa bila sababu yoyote.

Mtoto chini ya miaka 18 huombewa na mzazi au mlezi, kwa idhini ya maandishi na kitambulisho cha huyo mzazi.

Wanaohuisha wana nafuu. Njia ni ile ile ya mtandao, unaongeza pasipoti ya zamani na kopi ya ukurasa wenye picha. Kitabu kinadumu miaka 10, kwa hiyo vya kielektroniki vya mwanzo vitaanza kuisha 2028. Lakini usihesabu hadi siku ya mwisho: nchi nyingi hukataa pasipoti iliyobakiwa na chini ya miezi sita. Kurasa zikijaa, nacho ni cha kubadilishwa hata kama muda bado. Kilichopotea kinaanzia polisi kwa taarifa ya upotevu, ndipo Uhamiaji.

Na kama safari yako ni ya Bujumbura tu kumwona mgonjwa, waulize Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya safari. Inatosha kwa majirani, na haikumalizii akiba.

Tiketi usikate kabla kitabu hakijafika. Siku ya kukichukua, fungua ukurasa wenye picha ukiwa bado dirishani, soma jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa herufi moja moja, ukilinganisha na cheti. Ukiona kosa sema pale pale. Kisha weka saini, na kabla hujapanda bajaji toa kopi ya ukurasa huo, moja ibaki nyumbani kwa mama.