Pa kulala ukizunguka Pemba kwa baiskeli bila hema

Nikitoka Wete kwa baiskeli ya milimani, mzigo wangu wote haufiki kilo 6: turubai jepesi, mkeka, chandarua, kamba, tochi ya kichwani na maji. Hema sibebi. Kwa hiyo pale ninapolala ndipo nyumba yangu, na napachagua kama mtu anayechagua kiwanja.

Ikifika saa kumi na nusu alasiri, acha kuwaza umebakiza mwendo gani, anza kuitazama ardhi. Jua la kwetu likishazama giza halikawii, na mahali palipochaguliwa kwa tochi mara nyingi hujutiwa.

Pemba ni vilima na mabonde tu, tena vilima vifupi. Kileleni upepo utakupiga mpaka alfajiri. Bondeni kuna mpunga, mbu na umande. Niliwahi kulala chini kabisa, ukingoni mwa shamba la mpunga upande wa Konde, kwa sababu palikuwa tambarare na majani laini. Usiku wa manane mvua ikanyesha. Turubai lilihimili, lakini maji yakateremka kutoka mlimani yakapita chini ya mkeka wangu. Nilikaa nimechutama hadi asubuhi. Tangu hapo natafuta kibapa cha ardhi katikati ya mteremko, na nachungulia majani makavu: yakiwa yamelazwa yote upande mmoja, hiyo ni njia ya maji.

Upepo nao una majira yake. Wa kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, na hushika nguvu katikati ya mwaka; wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Weka kilima kati yako na huo upepo. Rasi ya Kigomasha, kaskazini-magharibi mwa Pemba, inaonyesha vizuri: wakati wa kaskazi ufukwe wa Vumawimbi, ulio mashariki mwa rasi, hupigwa sana, huku ufukweni Verani upande wa magharibi pametulia. Ila njia ya kwenda huko inapita msitu wa Ngezi, nao ni hifadhi. Humo usilale bila ruhusa.

Chini ya mti kuna umande mdogo kuliko uwazini, lakini tazama mti gani. Mnazi hapana kabisa. Mfenesi na mdoriani hapana, hasa vikiwa na matunda. Mkarafuu una matawi mepesi kuvunjika, wachumaji wanalijua hilo vizuri, na wakati wa msimu wa kuchuma, ukionekana usiku shambani mwa mtu, utadhaniwa mwizi. Mimi napenda mwembe mkubwa usio na matunda wala tawi bovu. Kagua shina na chini yake kwanza kama hakuna siafu.

Ufukweni, mstari wa mwani mkavu unaonyesha maji yalipofika, lakini huenda ni ya jana tu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvu, maji hupanda zaidi. Panda juu ya mstari huo, mpaka penye majani yaliyoota. Ukikuta wavuvi wamepiga dago, yaani kambi yao ya muda, nenda kawasalimie. Hao wamekwishachagua kwa uzoefu wa miaka.

Kabla ya kutandika chochote, piga hodi nyumba ya karibu na uulizie kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Jioni moja nilimwomba mzee nilale kwenye dungu lake la kulindia mpunga.

“Shikamoo babu. Naomba pa kujibanza usiku huu.”

“Marahaba mwanangu. Dungu lina kunguni. Lala barazani, baiskeli itie ndani.”

Nilikula muhogo na samaki siku hiyo. Hodi huleta ulinzi, na mara nyingine chakula.

Ukipewa nafasi, igeuze baiskeli juu chini, usukani na tandiko vikae ardhini. Funga turubai kwenye magurudumu, ncha ya upande wa upepo ishuke mpaka chini na uikandamize kwa mawe, upande wa pili uache wazi kidogo ili jasho lisigande ndani. Chandarua kining'inize humo na ukichomeke chini ya mkeka pande zote. Moto usiwashe karibu na mikarafuu wala majani makavu. Viatu vitie kwenye mfuko ufungwe. Asubuhi vikung'ute hata hivyo, tandu hawaombi hodi.