Ukichora mama aliyevaa gomesi, gauni la kitamaduni la Uganda

Ngozi nyeusi haichorwi kwa rangi nyeusi ya tyubu, uso unakufa. Changanya kahawia iliyokolea sehemu 3 na bluu sehemu 1, kisha nyekundu kidogo sana, ncha ya brashi tu. Panapong'aa, yaani paji la uso na mashavu, usikimbilie nyeupe: ngozi itaonekana imepakwa majivu. Tumia manjano ya udongo au chungwa. Nyeupe iliyotiwa bluu iache mwisho kabisa, nukta moja kwenye ncha ya pua, nyingine mdomo wa chini.

Gomesi lina mambo yake, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Shingo ni ya mraba. Vifungo 2 viko kushoto kwake yeye, siyo kushoto kwako unayemtazama. Mabega yana ncha zilizosimama. Ukiyalaza, umechora gauni lolote tu. Mshipi hufungwa kwenye nyonga, chini ya kiuno. Mushanana, vazi la wanawake wa kule Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, ni habari nyingine: kitambaa hupita bega moja, na mikunjo huanzia hapo begani.

Kwa msichana mdogo, shusha macho chini kidogo ya nusu ya kichwa. Ukiyaweka katikati, umemzeesha.