Somo: Vifaa vyako vya kukodisha vimeibwa, bima imelipa, na hela hujaiona

Ndugu wanachama, habari za leo. Wiki hii wenzetu wawili wamenipigia simu kwa jambo moja, na jambo lenyewe lilishanikuta mimi. Nimeona niliandike lote hapa kwa mpangilio ili asiwepo mwingine wa kupotezewa muda kama nilivyopotezewa.

Nianze na kisa changu. Nilikodisha muziki kamili kwa kampuni ya kuandaa sherehe hapa Dar: spika nne, miksa, amplifaya mbili na jenereta. Sherehe iliisha usiku wa manane kule Mbezi. Vijana wakapakia kila kitu kwenye Canter, wakaiegesha pembeni ya barabara, dereva akaenda kulala. Asubuhi turubai limechanwa upande mmoja, na ndani zimebaki stendi mbili na waya mweusi wa mita 20 uliokuwa umebanwa chini ya stendi. Waya ule ninao mpaka leo. Kampuni ile ilikuwa na bima, na bima ililipa. Ilimlipa aliyekodi. Nilipomfuata akaniambia, "Mzee, bima ni yangu, ada nililipa mimi." Nilihangaika miezi 14, na zaidi ya nusu ya miezi hiyo nilikuwa nabisha hodi kwenye mlango usio wangu: nilikuwa naidai kampuni ya bima, wakati mwenye hela yangu ni yule niliyemkabidhi vifaa.

HATUA YA 1: Polisi siku ileile, na uondoke na RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi)

Msimwachie aliyekodi aende peke yake. Nenda naye, kwa sababu wewe ndiye unayejua serial namba na rangi ya kila boksi. Hakikisha maelezo yanasema mali ni ya nani, ilikuwa mikononi mwa nani, na ilichukuliwaje. Angalia pia usije ukapewa taarifa ya upotevu, ile inayojazwa mtandaoni mtu akipoteza kitambulisho au cheti. Kitu kilichopotea na kitu kilichoibwa ni mambo mawili mbele ya bima. Ukipeleka karatasi ya upotevu kudai fidia ya wizi, umewapa sababu ya kukuuliza maswali mwezi mzima.

HATUA YA 2: Jua ni wizi wa aina gani

Hapa nawaomba msome polepole, maana ndipo madai mengi ya wenzetu yanapofia.

Bima nyingi za wizi wa mali zinataka kuwe na kuvunja au kutumia nguvu: kufuli limekatwa, dirisha limeng'olewa, mlinzi amefungwa kamba. Turubai lililochanwa lilitusaidia sana, na bahati nzuri dereva alilipiga picha kabla halijaguswa. Vifaa vikichukuliwa ukumbini mlango ukiwa wazi huku watu wanakula, bima ya aina hiyo inaweza kukataa kulipa, na ikawa ndani ya haki yake.

Kuna aina nyingine inayotuuma zaidi sisi wakodishaji. Mteja anakuja amevaa vizuri, anasaini, analipa kodi ya siku mbili, anaondoka na vifaa na simu inazimwa. Polisi wetu wanauita wizi wa kuaminiwa. Ni kosa la jinai, lakini kwenye bima za kawaida za wizi mara nyingi unatengwa wazi, kwa hoja kwamba mali uliitoa mwenyewe kwa mkono wako. Kama biashara yako ni kukodisha, usikubali kuuziwa bima ya duka ukaambiwa inatosha. Muulize wakala kwa maneno haya: "Mteja niliyemkodisha akitoroka na mali, mnalipa?" Jibu alionyeshe kwa maandishi ndani ya mkataba wa bima.

HATUA YA 3: Bima ni ya nani, na iko hai?

Omba nakala ya hati ya bima. Usiridhike na kusimuliwa. Ihakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uone kama ipo kweli na inaisha lini. Kama ada haikulipwa, usitegemee kwamba bima ilianza.

Kisha soma kilichokatiwa. Je, ni mali za mkodi tu? Au kuna maneno kama "mali iliyo chini ya uangalizi wake" au "mali aliyokabidhiwa"? Maneno hayo machache ndiyo yanayobeba spika zako. Yasipokuwepo, aliyekodi alikata bima ya viti vyake na meza zake, na wewe humo haumo.

HATUA YA 4: Barua kabla hela haijatoka

Hii ndiyo hatua niliyoiruka. Siku ya pili au ya tatu baada ya wizi, andika barua moja kwa kampuni ya bima na nakala kwa aliyekodi. Eleza kwamba vifaa vilivyotajwa kwenye madai ni mali yako, ambatisha mkataba wa kukodisha na risiti za manunuzi, na uombe malipo ya vifaa hivyo yaje kwako moja kwa moja au kwa makubaliano ya wote wawili. Wakugongee mhuri wa kupokea kwenye nakala unayobaki nayo.

Barua hiyo haikufanyi uwe mteja wao. Lakini wakishajua kwamba kuna mwenye mali, hawatafurahi kutoa hela kwa mwingine wakati barua yako imo kwenye faili. Mimi barua yangu ilifika wiki tatu baada ya malipo.

Kwa mikataba ijayo ni rahisi zaidi: jina lako liandikwe ndani ya bima ya mkodi kama mpokeaji wa fidia ya vifaa vyako. Benki zinafanya hivyo kila siku kwa magari ya mkopo. Sisi tunaona haya ya nini?

HATUA YA 5: Hesabu yako iwe ya kweli

Bima hurudisha hasara. Haikupi faida. Spika uliyonunua milioni 3 miaka mitano iliyopita haitalipwa milioni 3, isipokuwa bima ilikatwa kwa masharti ya kununua mpya. Weka risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), picha na serial namba za kila kifaa.

Kuna mtego wa bima pungufu. Tuseme mali yote ina thamani ya milioni 20, lakini mtu aliiandikisha milioni 10 ili ada iwe ndogo. Ikiibwa ya milioni 8, kampuni inaweza kulipa milioni 4, kwa sababu amekata nusu. Halafu inatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe kwenye kila dai. Kwa hiyo mkodi akikwambia kapewa kidogo, huenda anasema kweli. Omba uone barua ya malipo na ripoti ya mtathmini wa hasara kabla hujamwita mwizi.

HATUA YA 6: Akikataa, unamdai kwa msingi upi?

Kukodisha kifaa ni kumkabidhi mtu amana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa aitunze mali kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza yake. Akifanya hivyo na bado ikaibwa, hawajibiki, ila kama mkataba wenu unasema vinginevyo. Ndiyo maana sentensi ya "mkodi atawajibika kwa upotevu au wizi wa aina yoyote mpaka vifaa virudi mikononi mwa mwenye mali" ina thamani kuliko kurasa nyingine zote. Kama huna, iweke leo.

Na ile hoja ya "ada nililipa mimi"? Ina jibu la zamani. Mwaka 1856 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Waters dhidi ya kampuni ya bima ya Monarch. Wenye ghala walikuwa wamekata bima kwa mali yao na mali za watu walizokabidhiwa, moto ukateketeza. Mahakama ikasema wanaweza kulipwa thamani yote, lakini wakishatoa kilicho haki yao wenyewe, kinachobaki wanawashikia wenye mali. Sheria yetu imekulia kwenye misingi hiyohiyo, na wakili wangu alipoweka hoja hiyo kwenye barua ya madai, lugha ya yule bwana ilibadilika. Tulimalizana bila hukumu. Mkodi alilipa ada, sawa, lakini ada ile ilinunua ulinzi wa spika, na spika zilikuwa zangu.

Utaratibu: barua ya madai kwanza, na siku 14 ni muda wa kawaida kumpa mtu. Akinyamaza, mahakamani. Deni la kimkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6, lakini usiutumie wote, mashahidi wanahama. Lipia mkataba wako ushuru wa stempu, maana usipolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Na meseji za WhatsApp msizifute: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 zinapokelewa mahakamani, mradi uonyeshe zimetoka wapi na zilivyohifadhiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Morogoro: Mkuu, ahsante kwa somo. Mkodi wangu amekataliwa na bima, sasa ananiambia tusubiri rufaa yake ndiyo anilipe. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri, ndugu yangu. Mkataba wako ni na yeye, na bima yake ni mkoba wake. Kama mkataba unasema anawajibika, anawajibika hata bima ikikataa. Yeye aende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, maana ile ofisi ni ya migogoro kati ya mteja na kampuni yake ya bima. Wewe mwandikie barua ya madai leo.

Mwanachama wa Arusha: Kaka, mimi ni wa kamera. Mteja kaondoka na lenzi mbili tangu Ijumaa. Polisi wameniambia ni kesi ya madai, niende mahakamani.

Jibu: Pole sana. Mara nyingi wanasema hivyo wakiona mkataba wa kukodi, wanadhani ni deni tu. Rudi na vitu vitatu: nakala ya kitambulisho chake cha taifa (NIDA), meseji zinazoonyesha muda wa kurudisha umepita na simu imezimwa, na kama unaona lenzi zako zinauzwa mtandaoni, picha ya tangazo. Nia ya kutorudisha ndiyo inayoitoa kwenye deni na kuiingiza kwenye wizi wa kuaminiwa. Omba kuonana na mkuu wa upelelezi wa kituo.

Mwanachama wa Mwanza: Mimi nipo upande wa pili, naomba msinishambulie. Nilikodi jenereta na taa, vikaibwa, bima ikanipa milioni 9. Humo kuna vitu vyangu pia. Mwenye mali anataka milioni 14 na kodi ya kila siku mpaka leo.

Jibu: Hakuna wa kukushambulia, dada, umeuliza vizuri. Chukua ripoti ya mtathmini, itakuwa imetaja kila kifaa na kiasi chake. Cha vifaa vyake mpe sasa, bila kungoja mmalize ugomvi wa kilichobaki, na aandike kwamba kapokea sehemu. Kuhusu kodi ya kila siku, angalia mkataba. Kama haujasema, mwenye mali anatakiwa na yeye apunguze hasara yake. Hawezi kukaa mwaka mzima bila kununua jenereta nyingine huku mita inasoma kwako. Muda wa kawaida wa kupata kifaa kingine unaeleweka. Zaidi ya hapo abebe mwenyewe.

Mwanachama wa Mombasa: Na sisi wa huku Kenya je?

Jibu: Misingi ya amana na bima inafanana sana. Kituoni mtachukua namba ya OB (kitabu cha matukio) na abstrakti ya polisi, yaani hati ya muhtasari wa taarifa yenu. Raha yenu ni ile mahakama ya madai madogo: inasikiliza madai ya mpaka shilingi milioni moja za Kenya, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Ningekuwa nayo mwaka ule, nisingezunguka miezi 14.

Mwanachama wa Dodoma: Mimi nina bima yangu mwenyewe na imenilipa kwa wizi uliotokea kwa mkodi. Sasa kampuni inataka nisaini karatasi ya kumshtaki mkodi kwa jina langu, na ni mteja wangu wa miaka. Nikatae?

Jibu: Huwezi kukataa, na usijaribu kumwandikia mkodi barua kwamba umemsamehe. Ukishalipwa, kampuni inaingia kwenye viatu vyako na ina haki ya kumdai aliyesababisha hasara. Ukiiharibia haki hiyo inaweza kukudai urudishe hela. Ila soma karatasi kabla ya kusaini. Kama walikulipa pungufu ya hasara yako, andika kabisa kwamba sehemu ambayo hujalipwa bado ni yako kumdai mkodi. Na mpigie simu mteja wako umweleze mwenyewe, kabla hajaletewa barua ya wakili.