Nani anakata majani ya waridi? Jinsi ya kupeleleza kabla hujamgombeza jirani

Habarini wapenda maua wenzangu. Hii naiandika kwa sababu kuna jambo lilitaka kutuvunjia kikundi chetu hapa Ujiji. Tupo kina mama tisa na vijana wawili, tunapanda maua kwenye madumu ya mawese yaliyokatwa, Jumapili tunabadilishana vijiti, wewe unanipa kroton mi nakupa waridi, hamna pesa inayotoka. Sasa mwezi wa tano mvua inaishia, waridi zetu zikaanza kukatwa majani. Sio kuliwa jamani, KUKATWA, nusu duara safi kabisa pembeni ya jani kama mtu kapita na mkasi mdogo. Na katikati yetu yupo fundi cherehani, ana mkasi, ana mtoto wa miaka sita anayependa kuchezea mkasi, basi midomo ikaanza. Wiki haikuisha, watu wawili hawasalimiani wakikutana kisimani.

Mi nikasema ngoja. Nimepanda maua miaka kumi na mbili, najua mmea ukishambuliwa huwa unaacha maelezo, ni sisi tu hatuyasomi. Nawapa hatua nilizofuata, zinafaa kwa mmea wowote.

Hatua ya 1: Ficha ufagio

Nasema kweli. Sisi tukiamka kitu cha kwanza ni kufagia uwanja, saa kumi na mbili uwanja unang'aa na ushahidi wote uko jalalani: kinyesi cha panya, utelezi wa konokono, alama za kwato, vipande vya majani, vyote. Kwahiyo ukiona uharibifu, siku tatu usifagie karibu na maua na usimwagilie mpaka umeshapiga picha. Piga ya karibu na ya mbali, na jani moja liwekee kidole chako pembeni ili ukubwa uonekane.

Hatua ya 2: Soma ukingo wa jani

Hapa tulia, maana nusu ya kazi iko hapa. Chuma jani moja lililoharibika, lishike juani, angalia pale lilipokatika.

Limechanika chanika, nyuzi zinaning'inia, na uharibifu umeanzia juu kushuka chini? Mbuzi huyo. Matundu yasiyo na umbo, mengine katikati ya jani, na kuna mstari unang'aa kama gundi iliyokauka? Konokono au koa. Mche mchanga umelala chini umekatwa usawa wa udongo, majani yenyewe hayajaguswa? Huyo ni sota, yule kiwavi mkata miche, na hajaenda mbali, yuko palepale kwenye udongo kajikunja, chimbua kwa kijiko kuzunguka shina, sentimita tatu mpaka tano, utamkuta kajiviringisha kama herufi C. Mistari midogo ya meno imekaa miwili miwili kwenye shina nene, panya. Na kama mmea umesinyaa wote wala hamna kilichokatwa, ng'oa mmoja uangalie mizizi, ikiwa na vinundu vinundu basi adui ni minyoo fundo, ya kule chini.

Mwizi mtu naye ana alama zake. Mtu hachukui nusu jani! Mtu anachukua kijiti kizima, kimekatwa chini ya fundo, mara nyingi kwa mshazari, au anang'oa kichipukizi chenye mizizi tayari halafu anasindilia udongo kwa kidole ili usijue. Na anachagua kizuri kuliko vyote. Kwahiyo ukikuta kisima kidogo kwenye udongo wa dumu lako, hapo ndo una haki ya kumuwaza binadamu.

Sasa waridi letu halikufanana na chochote hapo. Ukingo laini, hamna utelezi, hamna kinyesi, hamna vipande chini. Vipande vimeenda wapi? Mtoto akikata majani kwa mkasi anayaacha palepale, watoto hawabebi uchafu wao. Hilo peke yake lilinifanya nianze kumtetea yule mtoto.

Hatua ya 3: Jua saa ya tukio

Kila mtu ukimuuliza anasema "usiku". Nani kakwambia usiku? Umeona asubuhi tu ndo maana unasema hivyo. Chagua matawi matatu, funga uzi mwekundu, hesabu majani yaliyo mazima, andika kwenye daftari. Piga picha saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Siku mbili zinatosha.

Mi hii hatua niliiruka kwanza nikakesha bure, naomba usiiruke. Nililala barazani usiku wa giza nzito, ule ambao ziwa linawaka taa za wavuvi wa dagaa mpaka unadhani kuna mji mwingine majini, nikiwa na tochi niliyoifunika karatasi nyekundu (mwanga mwekundu hauwashtui sana wadudu). Hakuja mtu. Hakuja kitu. Asubuhi majani yote yapo vilevile, saa sita mchana nayaangalia tena, manne yamekatwa! Mchana kweupe, jua kali, watu wote tupo ndani tunapika.

Hatua ya 4: Tega

Chekecha majivu ya jiko la mkaa, nyunyiza kuzunguka dumu upana wa shubiri moja, atakayekanyaga ataacha unyayo. Weka pia gunia lililoloa chini jioni, asubuhi ligeuze, konokono na makoa utawakuta wamejilaza hapo. Kwangu majivu yalibaki safi kabisa, hata unyayo wa kuku hamna, wakati majani yanazidi kupungua. Hapo ukiwa na akili timamu unajua mwizi anaruka.

Hatua ya 5: Kaa, angalia

Chukua kigoda, kaa hatua mbili kutoka kwenye mmea, kuanzia saa nne asubuhi jua likishapasha. Usichezee simu. Nilikaa na mchele wa kuchambua ili mikono iwe na kazi.

Saa tano kasoro akaja. Nyuki, mweusi mweusi, ukubwa kama nyuki wa asali, ila tumbo lake kwa chini ni la njano kwa chavua, maana huyu chavua habebi miguuni, anabeba tumboni. Akatua kwenye ukingo wa jani, akalikumbatia kwa miguu, akaanza kukata huku mwili wake wote unazunguka kama bikari ya shule. Sikufika kumi kuhesabu. Kipande kinakaribia kuachia tu tayari anapiga mabawa, kikaachia, naye juu, kakikunja chini ya tumbo kama mtu aliyebeba mkeka. Nilisimama mchele ukamwagika wote.

Ni nyuki mkata majani. Hali jani hata kidogo, anaenda kujengea.

Hatua ya 6: Mfuate kwake

Usimkimbize, angalia tu anaelekea upande gani, akija kukata mara ya pili subiri mbele kidogo ya pale alipopotelea, hivyo hivyo mpaka ufike. Wangu alikuwa anaingia kwenye tete la wigo wangu mwenyewe, mita sita tu! Mdomo wa tete moja ulikuwa umezibwa kwa jani la kijani. Nilikata hilo moja tu, nikalipasua taratibu kwa kisu: ndani kuna vijumba vimepangwa mstari kama sigara fupi fupi, kuta zake ni vipande virefu vya mviringo, vifuniko ni vile vya duara kamili, na kila kijumba kina donge la chavua la njano lenye unyevu na yai moja juu yake. Waridi langu lile. Nililisogeza kwenye pua, bado linanukia jani bichi.

Hatua ya 7: Peleka ushahidi, kisha suluhisho

Usipeleke maneno matupu. Nilibeba lile tete lililopasuliwa kwenye sahani Jumapili, nikaanzia kwa fundi cherehani kabla ya kikao, nikamwambia mama naomba uone hiki wewe wa kwanza. Aliangalia muda mrefu akamwita mwanae aje aone. Kikaoni sikuhitaji kuongea sana, na waliomsema walimwomba radhi palepale.

Dawa ya kupuliza usipulize. Jani halili kwahiyo sumu ya kwenye jani haimfanyi aache kukata, utaishia kuua wachavushaji wako, na waridi halifi kwa kupoteza kingo za majani, linachipua tena. Kama una mmea wa kupeleka kwenye sherehe, ufunike kwa kipande cha chandarua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, inatosha.

Ukitaka awe mbali na wigo wako, mjengee. Kata matete makavu ya sentimita 15, upana wa ndani kama penseli, upande mmoja uache fundo ili pawe pameziba, funga kumi na tano kwa kamba ya katani, ning'iniza ukutani pasiponyeshewa, midomo ielekee jua la asubuhi. Kifungu changu nimekining'iniza kwenye ukuta wa fundi cherehani, kwa ruhusa yake, sababu yeye ndo mwenye mstari wa mbaazi na nyuki huyu maua ya mbaazi anayapenda sana. Mpaka jana matete manne yalikuwa yameshazibwa, yule mtoto ndo anayahesabu kila asubuhi akitoka kwenda shule.