Kuunganisha feni ya bafu kwenye saketi ya taa

Bafu la Mombasa lisilo na dirisha halikauki. Hewa ya nje yenyewe ina unyevu mwingi, kwa hiyo mvuke wa maji hung'ang'ania darini, rangi ikabanduka na ukungu mweusi ukashika pembe. Feni ya inchi 4 ya kutoa hewa nje inatosha. Bafu la mita 2 kwa 1.5 lenye dari ya mita 2.5 lina mita za ujazo 7.5, feni ya mita za ujazo 90 kwa saa huibadilisha hewa hiyo mara 12 kila saa. Hula wati 15 hadi 25, mzigo mdogo sana kwa saketi ya taa yenye breka ya ampea 6 au 10.

Kazi ya nyaya za nyumba Kenya ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Mwenye nyumba naye ajue kinachofanywa, maana kosa la hapa hufunikwa na dari.

Umeme wa feni uchukue kwenye taa ya bafu. Usiuchukue kwenye waya wa shawa ya umeme. Waya ule ni mnene na breka yake ni kubwa. Ukiufungia waya mwembamba wa feni, ikitokea hitilafu waya huo utaungua kabla breka haijaanguka.

Usiuchukue kwenye swichi ya ukutani pia, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Fungua swichi ya taa ya kawaida: mara nyingi utakuta nyaya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi. Ile nyeusi si nyutro, waya unaorudisha umeme. Ni laivu, waya unaoleta umeme, inayokwenda kwenye taa baada ya kupita swichi. Ukifunga feni kati ya hizo mbili, taa ikizimwa feni itajikokota huku balbu ya LED ikimemeta, na taa ikiwashwa feni itasimama kabisa. Mtu ataenda dukani kurudisha feni nzima.

Zima breka ya taa na uibandike tepu asije mtu akaiwasha. Pima mita kwanza mahali penye umeme, kisha kwenye nyaya za taa, kisha rudi pale penye umeme uhakikishe mita bado inasema kweli. Testa ya bisibisi peke yake haitoshi. Rangi nazo usiziamini: nyumba iliyoongezwa vyumba miaka tofauti huwa na nyekundu na nyeusi za zamani pamoja na kahawia na buluu za sasa.

Kutoka kwenye taa pitisha waya wa milimita mraba 1.5 ndani ya paipu ya PVC ya milimita 20. Laivu ya swichi iende L ya feni, nyutro iende N. Waya wa ardhi wa kijani na njano upeleke hata kama feni ina alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, na haiuhitaji. Umalizie kwenye konekta yake. Feni yenye taima inataka waya wa nne: laivu ya kudumu, isiyopita swichi, ndiyo inayoiendesha baada ya taa kuzimwa. Nje ya bafu weka swichi ya fyuzi yenye fyuzi ya ampea 3 ikate nyaya zote za laivu na nyutro.

Nyutro itoke saketi ileile ya taa. Ukiiazima kwenye soketi zilizo chini ya breka ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha T, itaanguka kila feni ikiwaka, na fundi atatafuta uvujaji usiokuwepo.

Chumvi ya bahari hula shaba mpaka igeuke kijani. Chuna waya milimita 8 tu, usiache shaba nje ya konekta, kaza skrubu, kisha uvute kila waya kwa mkono. Muungano uliolegea hupata moto polepole, na plastiki hunuka kabla hujaona moshi. Karibu na shawa, ndani ya sentimita 60, au juu yake kwenye kimo kisichozidi mita 2.25 kutoka sakafuni, tumia feni ya IPX4, yaani inayostahimili maji ya kurukia, iliyoruhusiwa na mtengenezaji kukaa hapo.

Tundu la ukuta liwe milimita 105 hivi, likiinama kidogo kuelekea nje ili maji ya mvuke yasirudi kwenye mota. Kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale zitobolewe polepole, kwa matundu madogo yaliyopangwa kwa duara. Ukipiga tindo kwa nguvu, plasta ya chokaa huanguka vipande vipande. Upande unaopigwa na kusi, funika tundu kwa kofia yenye vibao vinavyojifunga, la sivyo upepo na mvua vitaingia ndani.

Washa, funga mlango, weka karatasi ya shashi kwenye uso wa feni. Ikinata, kazi imekamilika. Ikianguka, tazama chini ya mlango: feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia, na mwanya wa sentimita 1 chini ya mlango ndio dawa.